Barua ya wazi kwa bodi ya makumbusho ya seti za sinema za kauboi: tuambieni ipi ni ya asili

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Makumbusho ya Seti za Sinema za Kauboi,
Kusini-Magharibi mwa Marekani.

YAH: MAELEZO YASIYO YA KWELI KWENYE VIBAO VYA MAONYESHO NA BIDHAA ZA DUKA LENU

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Arizona, mzaliwa wa Tanga nchini Tanzania, na ni mmoja wa watu wazima wanaoandaa safari za mapumziko kwa familia zinazozungumza Kiswahili katika sehemu hii ya Marekani. Wengi katika kundi letu wanatoka mashariki mwa Kongo, wengine Burundi, Kenya na Tanzania, na watoto wao ama wamezaliwa hapa au wamefika wakiwa wadogo kiasi cha kutokumbuka kwingine. Tumetembelea makumbusho yenu kama wageni wengine wote, tumelipa viingilio vyetu, na watoto wamepiga picha mbele ya jela na benki kwa furaha ambayo siwezi kuikana.

Jina la makumbusho yenu na la mji wenu nimeliacha kwa makusudi. Ni mji wa barabara moja kuu, wenye hoteli chache, kituo cha mafuta na ninyi, na sina nia ya kuwanyima wakazi wake riziki inayotokana na watalii. Wahusika mnajijua, na nakala ya barua hii kwa Kiingereza imetumwa ofisini kwenu kwa posta siku hii hii. Naiandika kwa Kiswahili hadharani kwa sababu wasomaji wa lugha hii ni wateja wenu pia, na wengi huniuliza mahali pa kuwapeleka watoto wao wakati wa likizo.

Sikuanzia hadharani. Nilizungumza kwanza na mhudumu wa mapokezi, ambaye alinisikiliza kwa adabu na kunielekeza kwa meneja, nikamwandikia meneja, kisha nikaiandikia bodi yenyewe barua yenye hoja zilizopangwa na picha zilizoambatishwa. Jibu pekee lililorudi lilinishukuru kwa mapenzi yangu kwa historia ya Magharibi na kunipa tiketi za bure za kuja tena. Tiketi sikuziomba. Niliuliza maswali, na maswali hayo ndiyo ninayoyarudia hapa.

Kabla ya hoja zenyewe, niseme kwa nini jambo hili lina uzito kwangu, maana najua wapo watakaosema kwamba nyumba za maigizo hazistahili barua ndefu. Wazee wetu waliokaa kwenye viti vya Avalon na Empire pale Dar es Salaam, au Majestic kule Unguja, waliijua mitaa ya vumbi ya sinema za kauboi kabla hawajajua Marekani iko upande gani wa ramani. Walijua kwamba steringi hafi, na kwamba jambazi akishaingia baa na kusukuma ile milango miwili ya kupepea, mpiga kinanda lazima anyamaze. John Wayne mliyemweka kwenye picha kubwa langoni alifika hata Tanganyika kucheza sinema iliyotoka mwaka 1962, ambayo sehemu yake ilipigwa Momella, karibu na Arusha. Kwa hiyo msituone wageni sana. Tunapowaleta watoto kwenu, tunawaleta kuona kitu ambacho babu zao walikiona kikiwa kivuli cha mwanga ukutani, na tunataka tukiwaambia kwamba hiki ndicho chenyewe, kiwe ndicho.

Seti, kama mnavyojua kuliko mimi, ni nyumba iliyojengwa ili kamera iamini. Mbele kuna benki, ofisi ya sherifu na duka la baruti. Nyuma kuna mbao za kuegemeza na mchanga mtupu. Matofali ni plasta iliyopakwa rangi. Kioo ambacho jambazi anarushwa nacho nje kilipikwa kwa sukari, na baadaye kikatengenezwa kwa plastiki laini isiyokata. Milango mingine ilipunguzwa kimo ili steringi akisimama kizingitini aonekane pande la mtu, na ukuta uliotoka kwa fundi asubuhi ulikwaruzwa na kupulizwa rangi ya vumbi hadi jioni ukawa umezeeka miaka arobaini. Ufundi huo ni wa kustaajabisha na ndio hasa tunaokuja kuuona. Lakini kazi yake ilikuwa kumdanganya mtazamaji kwa ridhaa yake, ndani ya saa mbili za sinema. Makumbusho yameanzishwa kwa kazi iliyo kinyume cha hiyo, yaani kumwonyesha mgeni udanganyifu ulivyofanyika, na mahali penye nyumba za uongo ndipo kibao cha maelezo kinapotakiwa kuwa cha kweli zaidi. Kwenu vibao vimeungana na kuta.

Hoja zangu ni hizi.

1. Karibu kila kitu kimeandikwa kuwa ni cha asili.

Nitaanza na jela, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Kibao mlangoni kinasema kwamba ni jela ya asili kutoka seti ya miaka ya 1950. Mzee mmoja anayejitolea kwenu, mtu mkarimu sana, alituzungusha nyuma ili watoto waone ukuta wa mbele unavyoegemezwa. Nyuma ya ukuta huo, kimo cha kifua cha mtoto, ubao mmoja wa plaiwudi bado una kibandiko cha dukani chenye msimbo pau, ile mistari myeusi ambayo mashine ya keshia huisoma. Bidhaa ya kwanza kusomwa kwa namna hiyo dukani ilisomwa mwaka 1974 huko Troy, Ohio. Ubao huo, basi, haukuwapo wakati sinema ya miaka ya 1950 ikipigwa. Mzee hakubisha, alicheka na kusema kwamba ukuta mzima ulibadilishwa baada ya upepo mkali, kwamba paa ni jipya zaidi kuliko ukuta, na kwamba kilichobaki cha zamani ni mlango wenye nondo na sehemu ya kizingiti.

Nataka nieleweke vizuri. Kubadilisha ukuta uliooza si kosa. Seti zilijengwa zidumu majuma, si miongo, kwa mbao nyepesi na misumari michache, na jangwa lina jua linalopasua ubao na mafuriko ya ghafla yanayobeba kila kitu. Mahali pa wazi kama Paria, kusini mwa Utah, ambapo seti ilijengwa kwa sinema iliyotoka mwaka 1962, mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yaliharibu nyumba, watu wa kujitolea wakazijenga upya, na mwaka 2006 hizo zilizojengwa upya zikateketea kwa moto. Anayefika pale leo hakuti nyumba hata moja, na hakuna aibu katika kumweleza hivyo. Huko Hispania, mkoani Burgos, kuna makaburi ya mviringo yaliyotengenezwa na askari wa jeshi la nchi hiyo kwa ajili ya sinema ya mwongozaji Sergio Leone ya mwaka 1966. Yalifunikwa na udongo na majani kwa karibu nusu karne, hadi mwaka 2015 wapenzi wa sinema walipoanza kuyafukua kwa majembe na kusimamisha upya misalaba, na wala hawakuficha kwamba misalaba inayoonekana sasa ni kazi ya mikono yao. Watu hufunga safari kutoka mbali kwenda kuyaona, wakijua fika kilicho kipya na kilicho cha zamani. Ukweli haukuwafukuza wageni.

Kwenu hali ni tofauti. Benki ni ya asili, baa ni ya asili, kanisa dogo ni la asili, na hata sanduku la posta lililoandikwa kwa rangi ambayo bado inanukia limeitwa la asili. Neno likitumika kwa kila kitu halimsaidii mgeni kutofautisha chochote, na hasara kubwa inaangukia vile vichache vilivyo vya kweli. Ule mlango wa jela wenye nondo, ambao huenda ndio kitu chenye thamani kuliko vyote uani kwenu, hauna hata mstari mmoja wa maelezo yake. Watoto waliupita mbio kwenda kupigia picha ukuta wa plaiwudi.

2. Nyumba hazina historia ya safari zao.

Seti nyingi zilizobaki hazipo mahali zilipojengwa. Zilinunuliwa, zikakatwa, zikapakiwa malorini na kusimamishwa upya, na safari hiyo ni sehemu ya historia yake. Mfano mzuri uko Arizona kwetu: kanisa dogo lililotumika katika sinema ya Elvis Presley ya mwaka 1969 lilikuwa Apacheland, studio iliyofunguliwa mwaka 1960, ikaungua mwaka 1969 na kuungua tena Februari 2004. Kanisa hilo na ghala moja vilinusurika, vikahamishiwa kwenye makumbusho ya jirani katika Apache Junction, na mgeni akifika pale huelezwa vilikotoka. Sioni kwa nini jambo hilo lisiwezekane kwenu. Kibao cha kanisa lenu kinataja waigizaji watatu maarufu, lakini hakitaji sinema, mwaka, studio wala mahali liliposimama kwanza. Nilipomuuliza meneja kwa barua, sikujibiwa. Nilipomuuliza yule mzee, alinitajia bonde, akanitajia mwenye shamba aliyeliuza, akanieleza hata kwamba mnara ulivunjika njiani na kutengenezwa upya ukiwa mfupi zaidi.

Kwa maneno mengine, habari mnazo. Ziko kichwani mwa mzee ambaye hakuna aliyekaa naye kuziandika.

Jambo hili lina haraka kwa sababu seti zinapungua. Old Tucson, seti ya huku Arizona iliyojengwa na studio ya Columbia mwaka 1939 na kufunguliwa kwa watalii mwaka 1960, ilipoteza sehemu kubwa ya majengo yake kwa moto wa Aprili 1995, pamoja na mavazi na kumbukumbu nyingi. Mtaa wa kauboi wa Paramount Ranch, California, uliteketea Novemba 2018 katika moto wa Woolsey, na vilivyosalimika ni kanisa na kituo cha treni. Kila moto wa namna hiyo unaongeza uzito wa ubao mmoja wa kweli uliobaki mahali pengine, pamoja na makumbusho yenu, na ubao usiojulikana umetoka wapi hauwezi kubeba uzito huo.

3. Duka lenu linauza vipande vya mbao vyenye cheti.

Hili ndilo lililonifanya niandike hadharani. Kwenye kaunta ya duka kuna kikapu cha vipande vya mbao, kila kimoja kikubwa kama kiberiti, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ndogo iliyopigwa muhuri, inayothibitisha kwamba ni kipande halisi cha seti ya sinema. Haitaji sinema ipi. Haitaji nyumba ipi. Mvulana mmoja wa kundi letu alinunua kimoja kwa fedha aliyopewa na babu yake, na babu huyo sasa amekiweka kabatini kando ya vikombe vya wageni.

Waheshimiwa, hapa kuna njia mbili tu. Ikiwa vipande hivyo ni vya kweli, basi mnakata na kuuza mali ambayo mmekabidhiwa muilinde, na kila kikapu kinachoisha ni sehemu ya ukuta isiyorudi. Ikiwa ni mbao zilizotolewa na kutupwa wakati wa matengenezo, kama vile plaiwudi ya nyuma ya jela, basi cheti kinasema uongo na mnakiuza kwa watoto. Nimeitafuta njia ya tatu kwa nia njema. Niliyoifikiria ni kwamba huenda mnauza vipande vya mbao za zamani zilizooza mno kurudishwa ukutani. Lakini kama ndivyo, kuna ugumu gani kuandika kwenye karatasi ile ile jina la nyumba, mwaka wa matengenezo na kwamba ubao huo haukufaa tena? Mnunuzi angelipa bei ile ile, pengine kwa furaha zaidi.

4. Watu waliofanya sinema hizo wametoweka kwenye maelezo.

Katika banda la mwisho kuna sanamu ya mtu mwenye taji la manyoya ya tai, amekaa mbele ya hema la ngozi. Kibao kinamtaja kwa lile jina la jumla ambalo wageni kutoka Ulaya waliwapachika wenyeji wote wa bara hili. Hakuna taifa, hakuna jina, hakuna mwaka. Taji la aina hiyo na hema la aina hiyo ni vya mataifa ya tambarare za katikati ya nchi. Wanavajo, ambao waliigiza katika sinema nyingi zilizopigwa Monument Valley, bonde lililo mpakani mwa Arizona na Utah, walijenga hogan, nyumba ya magogo na udongo yenye mlango unaotazama mashariki. Tangu mwongozaji John Ford alipopiga huko sinema yake iliyotoka mwaka 1939, Wanavajo walivikwa mavazi na kuambiwa wawe Waapache. Katika sinema yake nyingine ya mwaka 1964 waliambiwa wawe Wacheyenne, na walipopewa nafasi ya kusema walisema Kinavajo chao, mbele ya watazamaji ambao hawakujua kutofautisha. Hiyo ni historia ya sinema hasa, tena yenye mvuto kuliko sanamu ya plastiki, na haihitaji jengo jipya ili isimuliwe. Inahitaji aya moja na picha mbili.

Upande wa pili wa jambo hili ulitugusa sisi wenyewe. Binti mmoja wa darasa la tano aliuliza, baada ya kuzunguka mabanda yote, kama watu weusi walikuwa hawaruhusiwi kupanda farasi. Hakuwa anafanya mzaha. Kati ya picha zote zilizotundikwa hakuna hata moja yenye mtu mweusi, na mtoto huamini anachokiona. Ukweli ni kwamba wanahistoria hukadiria kuwa takribani mmoja kati ya kila makauboi wanne wa miaka iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alikuwa mtu mweusi. Bass Reeves, aliyezaliwa utumwani Arkansas mwaka 1838, alikamata wahalifu kwa niaba ya serikali kuu kwa zaidi ya miaka thelathini katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Bill Pickett wa Texas ndiye aliyeupatia umaarufu mchezo wa kumrukia fahali kutoka mgongoni mwa farasi na kumwangusha kwa kumshika pembe.

Najua jibu lililo karibu: haya ni makumbusho ya sinema, si ya historia ya nchi. Sawa, na tubaki kwenye sinema. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Herb Jeffries alikuwa kauboi mwimbaji katika sinema zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji weusi, na baadhi yake zilipigwa katika shamba la mifugo na wageni lililomilikiwa na familia nyeusi ya Murray, karibu na Victorville, California. Mwaka 1960 Woody Strode alicheza sajini wa jeshi la wapanda farasi katika sinema ya Ford, na milima ya Monument Valley ilikuwa nyuma yake vile vile kama ilivyokuwa nyuma ya John Wayne. Ukuta wenu mmoja una picha nyingi za John Wayne zinazofanana. Naamini nafasi inaweza kupatikana.

5. Roshani ya baa.

Hili ni fupi. Yule mzee alitueleza kwamba sehemu ya ukingo wa roshani ilitengenezwa ili ivunjike kirahisi, kwa ajili ya mwigizaji wa kuanguka, na kwamba haikumbukwi vizuri ni sehemu ipi. Wageni wanaruhusiwa kupanda roshani hiyo na kuegemea. Ifungeni leo, mengine yatafuata.

Nimejaribu kukaa upande wenu na kuwasikiliza mnavyoweza kujitetea.

Mtasema kwamba makumbusho ni madogo na fedha hakuna. Naliamini hilo, paa linalovuja juu ya banda la mavazi linalithibitisha. Lakini karibu kila ninachokiomba ni maneno. Kibao kinachosema "mlango na kizingiti ni vya miaka ya 1950, kuta na paa vimejengwa upya" hakigharimu zaidi ya kibao kinachosema "jela ya asili". Cheti cha kweli kinachapwa kwa wino ule ule.

Mtasema kwamba wageni wanakuja kufurahi, hawataki darasa. Mimi nimeona kinyume chake uani kwenu. Watoto wetu walikaa muda mrefu zaidi nyuma ya kuta kuliko mbele yake, wakigonga plasta kwa vidole, wakipimana vimo kwenye mlango uliofupishwa, wakimuuliza mzee maswali hadi sauti ikamkauka. Kilichowachosha ni vibao vilivyorudia neno moja.

Mtasema kwamba mlirithi nyumba hizi bila karatasi zake. Huenda, kwa baadhi. Basi andikeni kwamba asili ya nyumba hii haijathibitishwa. Mgeni haoni vibaya kuambiwa kwamba jambo halijulikani; anaona vibaya akigundua mwenyewe kwa kibandiko cha dukani.

Na mtasema, kama alivyodokeza mhudumu mmoja, kwamba mbona wageni wengine hawalalamiki. Wengi hupita kwa nusu saa wakielekea kwenye mabonde na hifadhi, na hawarudi tena. Sisi tulitarajia kurudi kila mwaka na watoto wapya.

Ninaomba, kwa heshima, bodi itekeleze yafuatayo ndani ya siku tisini tangu tarehe ya kupokea nakala ya Kiingereza:

(a) Kuondoa neno "asili" kwenye kila kibao ambacho bodi haina uthibitisho wake, na kuandika upya kila kibao kikionyesha sehemu ya zamani, sehemu iliyojengwa upya na mwaka wa kazi hiyo pale unapojulikana.

(b) Kusimamisha mara moja uuzaji wa vipande vya mbao vyenye cheti, na kutangaza hadharani mbao hizo zimetoka wapi. Walioshikilia vipande ambavyo havikutoka kwenye seti warudishiwe fedha zao, ama angalau wapewe karatasi mpya yenye maelezo sahihi.

(c) Kurekodi kwa sauti au video masimulizi ya yule mzee na wengine wanaojitolea wenye kumbukumbu za majengo, wakiwa wamesimama mbele ya kila nyumba na kuonyesha ubao kwa ubao. Mtu yeyote mwenye simu ya kisasa anaweza kuifanya kazi hii kwa wikendi moja. Familia zetu zina vijana wanaosoma utengenezaji wa filamu chuoni, na wawili wamekubali kuja kuifanya bila malipo.

(d) Kuiondoa sanamu ya banda la mwisho hadi maelezo yake yatakapoandikwa upya kwa kushauriana na wenyeji asilia wanaohusika, na kuongeza maelezo ya waigizaji weusi wa sinema za kauboi katika ukumbi mkuu.

(e) Kunijibu kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba mnakataa, na mkikataa mtaje ni ombi lipi na kwa nini.

Jibu lenu nitalitafsiri na kulichapisha kwa ukamilifu mahali hapa hapa, bila kupunguza neno, liwe la kukubali au la kukataa. Safari ya familia zetu ya likizo ijayo nimeiacha wazi kwenye ratiba. Mkitekeleza ombi la kwanza na la pili peke yake, nitawaleta watoto kwenu na tutalipa viingilio kamili. Zile tiketi za bure ziko kwenye bahasha iliyoambatishwa na nakala ya Kiingereza, naomba mzipokee.

Wenu mwaminifu,

Mzazi na mwandaaji wa safari za familia,
Arizona.

Nakala: Wazazi na walezi wa familia zinazozungumza Kiswahili, Arizona na majimbo jirani.